Mama Aliyeitwa Mashine

Aproni ya mama ya kuchunia chai ina harufu ambayo sabuni haiitoi. Ni utomvu wa majani mabichi, moshi wa kuni, na plastiki iliyokaa sana juani. Wiki jana nilikuwa kwake, nje kidogo ya Roret, shule zikiwa zimefungwa. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimefua blanketi zote, mapazia yote na vitambaa vya viti, ndipo nikaitoa aproni msumarini niioshe pia. Mfukoni nikakuta pakiti ya vidonge. Haikuwa imefunguliwa. Kila kidonge kilikuwa kimekaa mahali pake, hata kimoja hakijaguswa.

Nilisimama uani povu likinitiririka mikononi, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Niseme ukweli, nimechoka na vidonge vya mama yangu. Nimevibeba kichwani tangu darasa la nne. Wenzangu wa rika langu wakikutana hukumbuka mchezo wa kati wa kurushiana mpira, peremende na walimu wakali. Mimi nakumbuka mkebe wa mafuta ya kupikia uliofichwa nyuma ya vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, na siku moja ambayo watu wazima wote walikataa kunisikiliza.

Nikiwa darasa la nne, mama alikuwa mtu wa kusifiwa. Wanawake wa kilima chetu walikuwa na kikundi cha kuchuniana. Leo wote wanaingia shamba lako, kesho la mwenzako, mpaka mzunguko uishe na kuanza tena. Kiongozi wao alikuwa Shangazi Rael, dada mkubwa wa baba. Baba mwenyewe aliendesha trekta pande za Bomet na tulimwona mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo pale nyumbani Shangazi ndiye aliyekuwa serikali. Akisema mvua itanyesha, watu walianua nguo.

Wakati huo mashamba makubwa ya ng'ambo ya mto yalikuwa yameleta mashine za kuchuna, zile za kushikwa na wanaume wawili, mmoja huku mwingine huku, zikipita juu ya majani na kunguruma. Watu wengi waliokuwa wakichuna kwa mikono walirudishwa makwao. Kwa hiyo mama alipoanza kuchuna kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, Shangazi alimpa jina. "Wao wako na mashine yao," alisema, "na sisi tuko na yetu." Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Mama Chebet tena. Akawa Mashine, nami nikawa mtoto wa Mashine, na nilitembea shuleni kifua mbele.

Hakuna aliyeuliza kasi hiyo ilitoka wapi. Katika baridi ya katikati ya mwaka, wenzake wakiwa wamevaa sweta mbili na kofia za sufu, mama alichuna kwa blauzi nyepesi na jasho likamtoka. Alikula ugali wa watu wawili, lakini sketi ikamlegea mpaka akaifunga kwa kamba ya katani. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Aligomba kwa sababu ya kijiko. Watu walimtazama wakasema huyo ndiye mwanamke. Ugonjwa ulikuwa unamla mbele yetu, na sisi tukaupigia makofi. Jambo hilo huniudhi mpaka leo, na linaniudhi zaidi kwa sababu mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Kisha macho yake yakaanza kutokeza. Yalikuwa makubwa, meupe juu na chini, na hayakupepesa sana. Mimi nilijua sababu yake, au nilidhani naijua. Alikuwa amenikasirikia. Nilipika chai, macho. Nilisoma, macho. Mwishowe nikashindwa kuvumilia, nikakiri yote, sukari niliyolamba, kikombe nilichokivunja na kukizika nyuma ya choo, hata penseli ya mwenzangu. Mama alishangaa. "Mbona unaniambia hizi vitu zote?" aliuliza, akiwa bado amenikodolea macho yale yale. Nikaona hajaridhika, nikatafuta makosa mengine ya kukiri.

Macho hayo ndiyo yaliyompeleka kliniki, maana yalianza kuwasha na kutoa machozi. Ilikuwa Jumamosi, nikafuatana naye. Daktari hakuyaangalia macho sana. Alimshika shingo, akamwambia ameze mate, akamhesabia mapigo ya moyo, akampima damu. Tuliporudi kuchukua majibu alieleza kwamba kuna tezi shingoni, na ya mama ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi na kuukimbiza mwili mzima. Akampa vidonge vya kila siku. "Utasikia umepona," alisema. "Usiache. Siku ile utasikia umepona ndio usiache kabisa."

Tukiwa njiani mama alisimama, akanishika bega. "Usimwambie Shangazi," alisema. Nilielewa. Katika kikundi, mgonjwa aliwekwa bandani kuchambua majani, na shamba lake likachunwa na wengine kwa huruma. Wanawake wangesema pole mbele yake na mengine nyuma yake. Mama angekunywa sumu kabla ya kupokea huruma ya Shangazi Rael.

Vidonge vilifanya kazi. Ndani ya miezi michache mama alianza kulala usiku, sketi ikamkaa, akavaa sweta kama watu. Akacheka kwa jambo dogo, na nikagundua nilikuwa nimesahau kicheko chake. Lakini mikono nayo ikarudi kuwa mikono ya binadamu. Alichuna kama wenzake. Shangazi, aliyekuwa akitembea mbele ya mstari, akageuka siku moja akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Wasichana, Mashine imeisha mafuta." Wakacheka wote. Haikuwa chuki, ni utani wa shambani tu. Mama alicheka pia, kisha akachuna peke yake mwisho wa mstari mpaka jioni.

Baada ya Krismasi alivitia vidonge kwenye mkebe, akausukuma nyuma ya vibuyu. "Nimepona," aliniambia. Nami sikuuliza, nilifurahi. Nilimtaka Mashine wangu arudi, na alirudi. Mvua ndefu ilipoanza alikuwa anachuna tena kwa blauzi nyepesi, macho yametoka, na Shangazi akimsifu mbele ya watu. Nilitunza siri ile vizuri kuliko nilivyotunza vitabu vyangu.

Siku yenyewe ilikuwa zamu ya shamba letu. Shule zilikuwa zimefungwa na nilikuwa nyuma ya mama nikibeba kikapu kidogo. Alikuwa na kikohozi cha siku tatu ambacho alikataa kukiita kikohozi. Asubuhi alitapika kando ya choo na kuniambia ni maziwa. Kufikia saa sita aliongea bila kupumzika, mara na mimi, mara na mama yake aliyekufa kabla sijazaliwa. Jasho lilikuwa limelowesha aproni kwa ndani. Kisha nikaona kikapu chake. Mama, ambaye maisha yake yote alichuna majani mawili na chipukizi na kumtupia macho mabaya yeyote aliyechanganya, alikuwa anatia majani magumu, vijiti, na magugu. Nilivuta sketi ya Shangazi nikamwonyesha.

"Leo Mashine imeharibika kidogo," alisema, na wengine wakacheka.

Mama aliketi chini kati ya miche, mikono yake ikiendelea kuchuna hewa. Hapo kicheko kikaisha. Shangazi alimgusa paji la uso akatoa mkono haraka. "Malaria," alisema. Alikuwa na aspirini mfukoni, akamtia mbili mdomoni na maji ya kibuyu.

Walimbeba hadi zahanati. Muuguzi alimtoboa kidole, akasubiri, akasema hakuna malaria. Shangazi akamwambia kipimo chake kimelala. "Mimi nimeona malaria mingi kabla wewe uzaliwe," alisema. "Tupatie dawa twende." Muuguzi yule hakubishana, na ninamshukuru mpaka leo. Alishika mkono wa mama, akatazama saa yake, akatazama tena kana kwamba saa imemdanganya. "Mama, hii moyo inakimbia vibaya. Na homa iko juu sana. Mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi, si kesho." Kijana wa Shangazi alikuwa na pikapu ya kubebea majani. Tukapanda nyuma, mama kichwa chake mapajani mwa Shangazi, mkono wake umenishika mimi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuniacha nyumbani.

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, kijana, mwenye viatu vya matope kama sisi. Swali lake la kwanza lilikuwa hili. "Kuna dawa yoyote amekuwa akimeza?"

"Hakuna," Shangazi alijibu. "Huyu ni mtu wa nguvu. Hata panadol hajui."

"Iko da—" nilianza.

"Nyamaza, watu wakubwa wanaongea."

Daktari alimpima joto, akamsikiliza kifua, akashika shingo yake. Akauliza kama amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa tezi. Shangazi akasema katika ukoo wetu hakuna mambo kama hayo. Nikafungua mdomo tena, na kiwiko chake kikanipata ubavuni. Nilitaka kulia kwa hasira. Kila kitu walichokuwa wanakitafuta kilikuwa kichwani mwangu, na mwenye kichwa alikuwa mfupi mno kuonekana.

Lakini nisijifanye shujaa. Si Shangazi aliyenizuia zaidi. Mama alikuwa amenikodolea macho kutoka kitandani, yale makubwa yasiyopepesa, na mimi niliyasoma kama nilivyoyasoma siku zote. Yalisema, ukifungua mdomo utaniona. Sasa najua hakuwa ananiona hata kidogo. Hakujua yuko wapi. Wakati ule niliona mama yangu akinikumbusha ahadi, nikameza maneno.

Ndipo daktari akaniinamia. "Wewe msichana, ulitaka kusema nini?"

"Huyo ni mtoto, daktari, hajui kitu."

"Nimemuuliza yeye."

Nilitazama macho ya mama mara ya mwisho, nikaamua acha anichape akipona. Nikasema yote. Kliniki ya Jumamosi, tezi ya shingo, vidonge vidogo, mkebe nyuma ya vibuyu, na kwamba hajameza tangu Krismasi. Shangazi akasema nimeota. Daktari alikuwa ameshageuka kumwita muuguzi.

Baada ya hapo watu walikimbia. Waliweka dripu, wakamvua nguo nzito, wakampanguza kwa vitambaa vya maji na kufungua madirisha. Wakampa panadol ya homa, na Shangazi alipotaja aspirini daktari akakunja uso, akasema hiyo kwa ugonjwa huu inazidisha mambo. Kulikuwa na dawa ya kutuliza moyo, sindano kadhaa, moja ikiwa ya kifua kile chenye kikohozi, na vidonge vya kuzuia tezi, ambavyo walivisaga na kumpitishia kwa mpira wa puani kwa sababu hakuweza kumeza. Daktari alituambia wazi kwamba tezi imelipuka. Kuacha dawa kuliwasha moto, na maradhi ya kifua yakaumwagia mafuta. Akasema watu hufa kwa hili, na kama tungengoja asubuhi tungengoja bure.

Kisha ikaja saa nzima ya kungoja. Juu ya meza kulikuwa na chupa ndogo ya dawa ya rangi ya kahawia, na hakuna aliyeigusa. Mama alikuwa anatetemesha kitanda kizima. Shangazi alivumilia dakika kama kumi. "Dawa iko hapo," alisema. "Mbona hampei? Mnangoja nini, akufe?"

Muuguzi mzee alimjibu huku akibadilisha kitambaa. "Mama, nyinyi si ni watu wa chai? Hiyo chupa ni ayodini. Kwa hii tezi ni kama majani mabichi. Ukipeleka majani na kiwanda bado inanguruma, itasaga yote na kutoa zaidi. Vile vidonge vya mpira wa puani ndio watu tumetuma kuzima mashine kwanza. Ikizima, hii itakuja kufunga mlango wa stoo, chai iliyo ndani isitoke. Lazima tungoje saa nzima."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona Shangazi Rael akiketi kwa kuambiwa. Mimi nilitazama saa ya ukutani. Mshale mrefu ulikwenda kwa uvivu ambao sijausamehe. Ulipokamilisha mzunguko, muuguzi alihesabu matone, akayachanganya na maji, nami nikahesabu naye kimoyomoyo.

Siku ya tatu mama alinitambua. Aliniangalia kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti iliyokauka, "Ulisema?"

"Nilisema."

"Shangazi yako anajua?"

"Anajua yote."

Alifunga macho, ingawa hayakufungika kabisa. Nilingoja kuchapwa. Aliinua mkono wenye dripu akautia kichwani mwangu, akauacha hapo mpaka muuguzi alipokuja kuulalamikia mpira wa dripu.

Kabla hatujaruhusiwa kwenda nyumbani, daktari alinifundisha kazi. Alimwambia mama anyooshe mikono na kufungua vidole, akaweka karatasi juu yake. Karatasi ikatetemeka pembeni kama inataka kuruka. "Kila Jumapili fanya hivi," aliniambia mimi, si Shangazi. "Ikitulia, vizuri. Ikicheza, mlete kliniki. Na akiwa na homa, moyo unakimbia, na anaongea vitu havieleweki, usingoje mtu akuruhusu. Mlete siku hiyo hiyo."

Kwa miaka mingi nilirarua ukurasa wa daftari kila Jumapili kabla ya kanisa. Mama alinyoosha mikono akilalamika nitamchelewesha. Baadaye alipasuliwa, tezi ikatolewa, na sasa humeza kidonge kingine cha kila siku, cha kumpa kile ambacho tezi haipo kumpa. Hicho nacho hakiachwi. Shangazi Rael yuko hai, na akisimulia habari hizi kwenye harusi, yeye ndiye aliyeuona mkebe nyuma ya vibuyu. Nimeacha kumsahihisha. Nilijaribu mara moja, akaniambia ninyamaze watu wakubwa wanaongea, na wakati huo nilikuwa nimeshaajiriwa.

Basi ndiyo maana wiki jana niliingia jikoni na ile pakiti bila hata kukausha mikono. Mama alikuwa karibu na moto, amevaa sweta na shuka juu yake. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Kwamba nimechoka kumchunga kama ndama. Kwamba shuleni ninakofundisha mwalimu mkuu anasema nafanya kazi ya walimu watatu, na bado nikija likizo nafanya kazi ya kuhesabu vidonge vya mtu mzima. Niliongea mpaka pumzi ikanipungua. Jiko lilikuwa joto kupita kiasi, nikafungua mlango.

"Funga mlango, Chebet. Kuna baridi," mama alisema. "Hiyo ni ya kubeba shamba. Nikichelewa kwa kituo cha kupima majani, nameza huko huko. Ile ya nyumbani iko kwa kabati. Hesabu."

Nilikwenda nikahesabu. Hakuwa ameruka hata kimoja. Vilivyomezwa vilikuwa sawa na tarehe ya siku hiyo. Badala ya kufurahi nikakasirika zaidi, na sikuweza kueleza kwa nini.

"Sasa keti," alisema.

"Siwezi kuketi, nguo ziko kwa maji."

"Umefua tangu alfajiri. Umekula mara tatu na sketi yako umeishika na pini. Keti."

Nilimwambia watu wote wanasema nimepungua vizuri. Mama alinyoosha mkono kwenye kalenda ya mwaka jana iliyokuwa ukutani, akararua ukurasa mmoja. "Nyoosha mikono," alisema. "Fungua vidole."

Nilinyoosha, kwa sababu nilitaka kumwonyesha upuuzi wake. Akaiweka karatasi kwa upole, kama nilivyokuwa nikimwekea. Tukaitazama sote wawili. Pembe zake zilianza kucheza, kisha ikatetemeka yote mpaka ikanitoka na kuangukia majivu.

"Ni hasira," nilisema.

"Mimi nilisema ni kazi," alijibu.

Moyo wangu ulikuwa unapiga masikioni. Ulikuwa umepiga hivyo tangu muhula uliopita, nami nilikuwa nimeuita bidii. Mama aliinuka polepole, akashusha shuka mabegani akanifunika nalo, ingawa nilikuwa na joto. Akaanza kutafuta viatu vyake vya kwendea mjini.

"Usimwambie Shangazi," nilisema.

Alikuwa ameshashika simu sikioni. "Rael," alisema, "tuma kijana na pikapu. Hapana, si mimi. Mara hii si mimi."